Nilichojifunza kwa Kumlea Chipukizi wa Hoki ya Barafuni

Tangu watoto wetu wanaokulia huku Kanada waanze kuvaa viatu vya barafu, simu yangu haipumui. Mama mmoja yupo Brampton, baba mwingine yupo Edmonton, swali ni moja: kocha anamsifia mwanangu, je, atafika? Wananiuliza mimi kwa sababu nyumba yetu iliwahi kumlea kijana aliyefika kwenye ngazi ambayo watoto wengi wa hoki wanaiota. Sikumzaa mimi. Wazazi wake ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kusini-magharibi mwa Ontario, na alikuja kwetu akiwa na miaka 16. Jina lake na la timu yake nayaacha, kwa sababu maisha ni yake.

Kwanza nieleze mfumo wenyewe, maana wazazi wengi wanaingia bila kuujua. Ontario Hockey League, maarufu kama OHL, ni moja ya ligi tatu kuu za vijana Kanada. Ina timu 20: 17 za Ontario na tatu za upande wa Marekani. Wachezaji ni wa miaka 16 hadi 20. Kila mwaka timu huchagua kwa zamu vijana wa rika la miaka 15 na 16, na ukishachaguliwa, mji unaokwenda ni wa timu iliyokutaja, si wa moyo wako. Kijana wetu alichaguliwa mwaka 2022 na timu ya kaskazini, safari ya saa nyingi kutoka kwenye zizi la baba yake. Msimu una mechi 68, kuanzia Septemba hadi Machi, bado mtoano. Sasa mtoto wa miaka 16 atalala wapi? Timu zinatafuta familia za mjini zinazokubali kumpokea kama mtoto wa nyumbani. Wanakuja kuangalia nyumba, polisi wanakagua rekodi za kila mtu mzima, na kila mwezi timu inatoa pesa kidogo ya kuchangia chakula.

Mume wangu ni fundi wa mitambo mgodini. Tulitoka Geita, alikokuwa kwenye dhahabu, na huku kaskazini nako watu wanaishi kwa migodi. Mwenzake kazini ndiye aliyetuambia timu ina upungufu wa familia. Baba watoto aliponiuliza nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mimi mwenyewe nilisoma sekondari nikikaa kwa shangazi Mwanza, na najua maana ya kulala kitanda cha nyumba nyingine ukisikiliza sauti za watu usiowazoea. Shangazi hakuwahi kunifanya nijione mgeni. Nilitaka huyu naye apate hivyo hivyo.

Alifika mwisho wa Agosti, mrefu, mwembamba, mwenye adabu mpaka inatia huruma. Kila kitu anaomba ruhusa: nifungue friji? nioge sasa? Siku mbili nikamwacha awe mgeni, ya tatu nikampa jembe: zamu ya kuosha vyombo na wanangu. Nililifanya kwa makusudi. Uwanjani kijana huyu alikuwa na watu wa kumfulia jezi, wa kunoa viatu vyake, wa kumpimia uzito. Nyumbani alihitaji mtu wa kumwambia sufuria hii haijatakata, rudia. Baada ya wiki chache binti yangu mdogo alikuwa anamwita Kaka, na yeye ananiita Mama, bila mtu kuwaambia.

Kulisha ndiyo kazi iliyonishangaza. Alikuwa beki, na mabeki wa miaka 19 na 20 aliokuwa akikutana nao ni wanaume kamili. Mwalimu wa viungo alitaka aongeze kilo kabla ya Krismasi. Maziwa Ontario yanauzwa kwenye mfuko wa lita 4, na mfuko mmoja kwake ulikuwa wa siku mbili. Siku ya mechi alikula saa saba mchana, wali mwingi, kuku, mboga, kisha analala. Usingizi ule ulikuwa kitu kitakatifu. Watoto walitembea kwa vidole. Saa kumi anaamka, anavaa suti, maana wachezaji wanatakiwa kuingia uwanjani wakiwa na suti, anaondoka. Chapati zangu alizifunga kwenye karatasi kwa ajili ya basi, na baadaye wenzake wakaanza kutuma maombi.

Basi hilo la safari nalo lipewe nafasi yake kwenye maelezo haya, kwa sababu wazazi wanaliona jambo dogo. Timu za kaskazini zinasafiri kuliko zote. Ijumaa mechi, Jumamosi mechi nyingine mji mwingine, Jumapili ya tatu, kisha safari ya usiku kucha kwenye theluji. Jumatatu alfajiri nasikia mlango, na saa mbili na nusu anatakiwa darasani, kwa kuwa bado ni mwanafunzi wa sekondari. Timu ina mtu wa kusimamia masomo, lakini anayemwona mtoto akisinzia kwenye uji ni wewe.

Ila lililo gumu zaidi kwa chipukizi si chakula wala safari. Ni kukaa nje. Katika miaka yake yote ya utoto alikuwa bora kuliko wote. Ndiyo sababu alichaguliwa. Sasa kafika mahali ambapo kila mmoja alikuwa bora kuliko wote kwao. Msimu wa kwanza alipangwa jozi ya mwisho ya mabeki, akiingia kidogo tu, na mechi nyingi hakupangwa kabisa ingawa hakuwa na jeraha lolote. Asubuhi unaambiwa leo hauchezi. Bado unafanya mazoezi, bado unavaa suti, unapanda juu jukwaani kuwatazama wenzako, na watu wanakuuliza umeumia wapi.

Nakumbuka jioni moja ya Novemba. Alijua tangu asubuhi kwamba hachezi. Alikaa kwenye meza yangu ya jikoni na gongo jipya la kuchezea, akaanza kulizungushia utepe mweusi kuanzia kisigino cha gongo kwenda kwenye ncha, mzunguko mmoja ukiupanda mwingine kidogo, bila mkunjo hata mmoja. Alipomaliza akachukua paki, kile kisahani kizito cha mpira, akausugua utepe ulale, kisha akapaka nta ili theluji isigande. Mwanangu alimtazama mpaka mwisho, halafu akamuuliza: sasa Kaka, unalifunga la nini na wewe huchezi? Akajibu kwamba kesho kuna mazoezi. Akalisimamisha kando ya mlango, akavaa koti, akaenda kukaa jukwaani na suti yake.

Mimi nilirudi jikoni nikiwa na hasira kwa niaba yake, lakini nilichokiona pale ndicho ninachowaeleza wazazi hadi leo. Maisha ya mwanzo ya chipukizi ni kupimwa asubuhi hadi usiku. Kocha anapima, maskauti, yaani wasaka vipaji, wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Kanada na Marekani, wako jukwaani na daftari, wakala anapiga simu, baba anatazama mechi kwenye kompyuta na kutuma ujumbe kabla viatu havijavuliwa, wageni mtandaoni wanahesabu mabao na makosa. Lazima pawepo mahali pamoja ambapo hapimwi. Mimi na mama yake tulilizungumza kwa simu tukaelewana mapema sana: mezani kwetu hakuna mazungumzo ya mechi mpaka ayaanzishe mwenyewe. Akitaka kueleza bao walilofungwa kwa kosa lake, tunasikiliza. Asipotaka, tunazungumzia mtihani wa hesabu, au binti yangu na meno yake yanayotoka. Baba yake naye aliafiki, akasogeza simu zake hadi kesho yake. Halikuwa jambo rahisi kwa mzazi aliyemwendesha mtoto gizani kwenda mazoezini tangu akiwa mdogo, na ninamheshimu kwa hilo.

Kuna jambo la mwezi wa kuzaliwa ambalo wazazi wengi hawalijui, nami ningependa kila mmoja alijue kabla hajakata tamaa na mtoto wake. Hoki ya watoto Kanada inagawa rika kwa mwaka wa kuzaliwa, na mpaka ni Januari mosi. Aliyezaliwa Januari anashindana na wa Desemba ambaye yuko nyuma yake karibu mwaka mzima. Mtoto wa miaka tisa, mwaka mzima ni mwili mwingine kabisa. Mkubwa anachaguliwa timu ya juu, anapata kocha bora na muda zaidi barafuni, na pengo linazidi kupanuka. Tafiti tangu miaka ya 1980 zimeonyesha ligi hizi kubwa za vijana zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Kijana wetu ni wa Agosti. Alikuwa ameachwa na timu kadhaa utotoni kwa sababu ya udogo, na nadhani ndiyo maana alijua kukaa nje bila kuvunjika.

Oktoba 2023, msimu wake wa pili, tulipata habari za Adam Johnson, Mmarekani aliyekuwa akiichezea Nottingham Panthers ya Uingereza, aliyefariki baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu cha barafu kwenye mechi ya Sheffield. Nilikuwa nafua. Nikakaa chini. OHL ilikuwa imeshalazimisha vikinga shingo zamani, na chake nilikuwa nimekiona mara nyingi kikining'inia, kitambaa cheusi tu, nisikitilie maanani. Siku hiyo nilikishika nikakiangalia mshono kwa mshono. Kwenye ligi za watu wazima wengi walikuwa hawavivai. Mzazi mwenye mtoto barafuni, asikubali maneno ya kwamba kinabana au kinaleta joto.

Msimu ule wa pili alianza kucheza kweli. Jozi ya pili, kisha akapewa kuzuia mashambulizi pale timu inapokuwa na mchezaji pungufu, kazi ambayo kocha humpa anayemwamini. Ilikuwa pia mwaka wake wa kuchaguliwa NHL, kwa hiyo daftari jukwaani ziliongezeka. Kisha Januari ikafika. Mwanzoni mwa mwezi huo dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, na wiki hiyo nyumba zote zenye vijana wa OHL zinaishi roho juu. Simu yake iliita wakati tunaosha vyombo. Akaitikia, akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, asante. Akakata. Akasema amepelekwa timu ya kusini, na kesho anatakiwa awe huko.

Sina lawama na yeyote. Wote waliosaini walijua mchezo ndivyo ulivyo, na kwake kimchezo ilikuwa nafasi nzuri. Lakini jaribu kumweleza mtoto wa miaka sita. Binti yangu alikaa juu ya begi lake akakataa kuondoka. Baba watoto akawasha gari kupasha injini moto, maana nje ilikuwa baridi ya kuumiza pua. Tulikusanya suti, vitabu vya shule, chaja, na sufuria ya pilau aliyoitaka ya safari. Mwalimu mkuu aliandikiwa barua pepe usiku huo huo. Kesho yake jioni simu yangu ikaita, mwanamke nisiyemjua, sauti ya upole. Ndiye mama mwenyeji mpya. Nikampa kila kitu: huwa hali chakula vizuri asubuhi ya mechi hivyo usimlazimishe, mpe kingi mchana, akifungwa hataongea mpaka ale, akijifungia chumbani usigonge mara moja, subiri, kisha mpeleke mtoto mdogo akamwite, na vyombo anaosha, usimwachie akwepe. Alikuwa anaandika. Hadi leo tunatakiana heri za Krismasi.

NHL huchagua vijana kwa raundi saba, timu 32, majina 220 na kitu, kutoka dunia nzima. Mwaka 2024 ilifanyika Las Vegas mwishoni mwa Juni. Jina la kwanza lilikuwa Macklin Celebrini, aliyekwenda San Jose. Sisi tulikaa sebuleni na yeye alikuwa kwao shambani, na siku ya pili ya uchaguzi, majina yakipita raundi kwa raundi, binti yangu akawa anauliza kila mara kama huyo ni Kaka. Raundi ya saba ikaisha. Hakutajwa.

Nilimpigia usiku. Alikuwa ametoka kukamua. Akaniambia kuna timu imemwalika kwenye kambi ya majaribio ya Julai, na kwamba baba yake amemkumbusha habari za Mark Giordano, beki kama yeye, aliyepitia OHL katika mji wa Owen Sound, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NHL, na mwaka 2019 akatwaa tuzo ya Norris, tuzo ya beki bora wa ligi nzima. Sikumwambia kwamba na yeye atakuwa hivyo. Nilimuuliza kama amekula.

Kambini alikwenda, akarudi bila mkataba, akacheza msimu mwingine OHL. Na hapa wazazi wanisikilize vizuri, kwa kuwa mambo yamebadilika. Zamani kijana aliyecheza OHL alijifungia milango ya hoki ya vyuo vikuu vya Marekani, kwa sababu NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, iliwahesabu kama wachezaji wa kulipwa. Kwa hiyo familia ililazimika kuamua mtoto akiwa na miaka 15 au 16: OHL au chuo cha Marekani. Wazazi wake walilala macho juu ya uamuzi huo. Novemba 2024 NCAA ikabadilisha kanuni, na kuanzia Agosti 2025 wachezaji wa ligi hizi za Kanada wanaruhusiwa. Yeye ni mmoja wa wa kwanza kuutumia mlango huo. Sasa yuko chuo kikuu Marekani, anasoma mambo ya kilimo na anacheza. Kwa wanaobaki Kanada, OHL nayo ina utaratibu wa kulipia masomo, kwa kawaida msimu mmoja uliocheza unakupa mwaka mmoja wa chuo. Una masharti yake. Msome mkataba mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na ikiwezekana na mwanasheria, si na wakala peke yake.

Wanaoniuliza kuhusu ngozi yetu nawajibu bila kuzunguka. Bokondji Imama, mchezaji wa hoki mzaliwa wa Montreal wa wazazi Wakongo, Januari 2022 alifanyiwa ishara ya nyani uwanjani, na aliyefanya alifungiwa mechi 30. Hayo yapo. Yapo pia haya: Karl Subban alitoka Jamaika akiwa mtoto, familia yake ikahamia Sudbury, mji wa nikeli huku huku kaskazini, akaipenda hoki akiwa pale. Mwanawe P.K. alipitia OHL mjini Belleville, akachaguliwa nafasi ya 43 mwaka 2007 na Montreal, na mwaka 2013 akashinda ile ile Norris. Quinton Byfield, ambaye baba yake naye ni Mjamaika, alichaguliwa wa pili mwaka 2020. Mtoto wako aelezwe yote mawili, na aelezwe na wewe, kabla hajayasikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Mwanangu mwenyewe alianza kuteleza kwa sababu ya Kaka. Sasa kocha mmoja anamtaka timu ya daraja la juu kabisa la watoto. Tumepiga hesabu: ni maelfu ya dola kwa mwaka, gongo moja zuri linazidi dola 300, na kila wikendi ni barabarani, mimi nikiwa na zamu zangu za kuwahudumia wazee na baba yake zamu za mgodini. Tena ni wa mwezi wa Oktoba, mdogo kuliko wenzake. Tulimuuliza yeye. Akasema anataka kubaki na rafiki zake. Basi msimu huu anabaki ligi ya mtaani, Jumamosi saa moja asubuhi, na utepe wa gongo lake anaufunga mwenyewe. Mwakani tutamuuliza tena, kisha ndipo tumpigie kocha.